Nani afuatilie mbinu mpya za polisi?

SWALI: Mhariri, polisi wa nchi nyingi sasa wanatumia kamera zinazotambua sura za watu. Hapa Kenya, nani apewe kazi ya kufuatilia mabadiliko haya: polisi wenyewe au chombo cha nje? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Kukusanya habari kila siku ni kazi ya polisi wenyewe, kwa sababu ofisa anayeandika kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, malalamiko ya wizi wa pesa kwa simu ndiye anayetambua mapema kwamba matapeli wamebadili mbinu. Kupima uhalali wa vifaa vipya, hata hivyo, kusiachiwe wao peke yao. Nchini Uingereza, mwaka 2020, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba polisi wa South Wales walikiuka sheria walipotumia kamera hizo, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba hawakuhakikisha kama programu yenyewe ilibagua watu kwa rangi au jinsia. Swali hilo lilistahili kuulizwa na mtu wa nje kabla kamera hazijawashwa.

IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, tayari ina mzigo mzito wa kuchunguza vifo na majeraha mabaya yanayosababishwa na polisi. Kwa hiyo upimaji ningeukabidhi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka athari zitathminiwe kabla ya kuchakata data inayoweza kuhatarisha haki za watu. Sheria hiyo hiyo inatoa msamaha kwa masuala ya usalama wa taifa, na ni Bunge linalopaswa kuuwekea mipaka iliyo wazi.