Kurasa Zilizokatwa kwa Wembe

Swali lenu la wiki hii, kama bado tunahitaji maktaba ilhali simu imejaa kila mkono, limenigusa mahali pake. Mimi nimelelewa na maktaba ya mkoa, mojawapo ya zile zilizoenea nchini baada ya Maktaba Kuu ya Taifa kufunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1967, na nilishika kalamu nikiwa nimekusudia kuitetea.

Nikiwa kidato cha nne nilitafuta kitabu chenye sura ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Nilipekua droo za kadi, nikapata namba 967.8 ambayo ndiyo ya historia ya Tanzania, nikakikuta kitabu rafuni. Nilipokifungua, ukurasa wa 60 ulitazamana na wa 83. Katikati vilibaki vishina vya karatasi vilivyonyooka kama vimepigwa rula, kwa maana aliyezikata alitumia wembe, tena bila haraka.

Nilimpelekea mama mkutubi huku nikitetemeka, nikidhani atanishuku. Alihesabu vile vishina kumi na kimoja, akaingia chumba cha rejea na kurudi na nakala isiyoazimishwa. "Kaa hapa, mwanangu," aliniambia, "unakili mara mbili, moja yako na moja ya kitabu." Kazi ile ilinichukua wiki nzima ya jioni baada ya masomo. Alipobandika karatasi zangu kwa gundi, alizikandamiza moja moja kwa ncha ya kidole gumba hadi zikashika. Mwaka uliofuata nilikifungua tena, nikaona mihuri saba mipya ya tarehe nyuma ya jalada: watu saba walikuwa wameazima mwandiko wangu.

Nikiisoma habari hii niliyoiandika mwenyewe, naona inanipinga. Kitabu kilicho kwenye mtandao hakifikiwi na wembe, na mtoto wa Liwale, ambako vita ile ilipiganwa, angeisoma sura hiyo saa ile ile anayoisoma mwenzake wa Upanga, jijini Dar es Salaam. Lililonitia uchungu siku ile lilikuwa upungufu wa nakala, na upungufu huo simu inauondoa.

Hata hivyo, anayenunua bando la siku hawezi kulimalizia kwenye kusoma, na vitabu vingi vya kielektroniki maktaba huvipata kwa leseni tu, ambayo muda wake ukiisha rafu nzima hufungwa. Tena simu haimwambii mtoto akae anakili mara mbili. Kwa hiyo, kama fedha za halmashauri zinatosha jambo moja tu, na siandiki hili kwa furaha, ningeomba ziweke intaneti ya bure na mshahara wa mkutubi kabla ya kununua rafu mpya za vitabu. Isipokuwa ile nakala ya chumba cha rejea, ambayo ningeomba iachwe palepale ilipo.