Kabla hujanunua kiwanja mlimani Mwanza, chungulia chini ya jiwe

Madalali wa Mwanza ukiwauliza kuhusu mawe jibu lao ni moja: "Bosi, jiwe hilo lipo tangu enzi za mababu, halijaenda popote." Hawakosei sana. Granaiti, mwamba mgumu wa mawe haya ya huku kwetu, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mimi naishi kilimani, na ndugu wakinipeleka kuona kiwanja huwa nainama kwanza nione jiwe limekalia nini.

Mengi ya mawe yale ya mviringo hayakubingirika kutoka juu. Yalipata umbo hilo yakiwa bado ardhini. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa za mwamba, yakala pembe, kikabaki kiini cha duara. Ndani ya granaiti kuna madini ya feldispa, ambayo yakishinda na maji kwa muda mrefu hugeuka mfinyanzi. Chenga za kwazi, madini mengine magumu ya mwamba huo, haziozi. Ndio huo mchanga mkali tunaouzoa mitaroni kila baada ya mvua. Udongo ulipozidi kuoshwa, mawe yakatokeza, mengine yamepandana. Na mvua bado inaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo tazama kiuno cha jiwe. Juu lina madoa ya kijivu na meusi ya kuvu. Ukiona chini kuna utepe msafi, wenye rangi ya udongo, jua si zamani sana udongo ulifika pale, na sasa umeoshwa. Utepe ukifika gotini, mimi naondoka, hata bei iwe nzuri vipi. Nenda pia mvua ikinyesha, masika hasa, uone maji yanapita wapi. Dalali atakwambia kesho; nenda na mwavuli wako.

Mwulize jirani wa juu kama anapiga kokoto. Wengine huwasha moto juu ya mwamba, ngozi yake ikabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, ndipo nyundo ifuate. Jua na baridi ya usiku vinafanya hivyohivyo, ila polepole. Mtini uliozamisha mizizi kwenye ufa nao unaupanua, lakini usiukate kwa pupa: mizizi ikioza, maji yanapata njia.

Ukishanunua, usichimbe kitako cha jiwe ili upate sehemu ya kuegesha gari. Maji ya paa yaingie kwenye tangi au mtaro uliosakafiwa, yasidondokee nyuma ya nyumba. Penye udongo mtupu panda nyasi kabla ya vuli.

Ukuta wa kuzuia udongo lazima uwe na matundu ya kutolea maji, na nyuma yake ujazwe kokoto. Bila hivyo maji yanajaa nyuma, udongo unakuwa mzito, ukuta unatoa tumbo. Fundi atalalamika kwamba matundu yanaharibu sura. Mwache alalamike, lakini usimlipe kabla hajayaweka.