Leseni ya Pikipiki Hutafutwa kwa Mwendo wa Taratibu

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Muheza ambaye anauza dawa za mifugo na amechoka kulipa nauli ya bodaboda kila anapokwenda kwa wateja wake. Aliniuliza kama mwanamke mfupi anaweza kuimudu pikipiki aina ya Boxer, na kama ni kweli kwamba leseni inaweza kupatikana bila mtihani, kwa kuwa binamu yake amemwambia mambo hayo yanazungumzika. Swali la kwanza nimelijibu kwa furaha. La pili limenikera, wala si kwa sababu yake yeye, bali kwa sababu nami niliwahi kuambiwa maneno hayohayo na mtu aliyekuwa amekwisha kupokea ada yangu ya mafunzo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Makorora na shule yangu iko upande wa Pongwe. Nilipotangaza nyumbani kwamba nitanunua pikipiki, shemeji yangu alicheka mpaka akaweka kikombe cha kahawa chini, kisha akaniuliza kama baiskeli zote zilizojaa Tanga hii sijaziona. Sikumjibu. Nilikwenda kujiandikisha kwenye chuo kimoja cha udereva, na huko nikakuta pikipiki moja kwa kundi zima, waya wake wa klachi, ile ya mkono wa kushoto inayotenganisha injini na gurudumu, umechakaa kiasi kwamba kuiminya kulihitaji vidole vya mvuvi. Tulikaa chini ya mwembe tukisubiri zamu, kila mmoja akazungushwa uwanjani kidogo, na mwalimu akatuambia kwamba aliyefika gia ya tatu bila kuanguka amekwisha kujua. Hadi leo kauli hiyo inaniudhi kuliko hela nilizolipa.

Kufika gia ya tatu si kujua. Pikipiki ikishachanganya mwendo, umbile lake na mzunguko wa magurudumu huisaidia kusimama wima, na hata asiyejua kitu anaweza kukaa juu yake akajiona bingwa mpaka atakapotakiwa kupunguza. Ugumu wote uko kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu: kugeuza kwenye uchochoro, kupita kati ya shimo na mtaro, kuondoka kwenye mwinuko huku lori limesimama nyuma yako. Kijana anayejifunzia mtaani hufundishwa kuongeza mafuta kwanza na klachi baadaye, na wengine hiyo klachi hawaifikii kabisa.

Aliyenifundisha hasa ni mzee mmoja jirani yetu, dereva mstaafu, ambaye alinipeleka kwenye kiwanja kilicho wazi huko Sahare asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Hakuniruhusu kuwasha injini. Alitaka niisukume pikipiki, niigeuze, niipandishe kwenye stendi na kuishusha, niiegemeze kidogo kushoto na kidogo kulia mpaka mwili wangu ujue ni wapi uzito unapoanza kunivuta. Hapo ndipo jibu la binti wa Muheza lilipo. Si lazima nyayo zako zote mbili zifike chini. Mguu wa kushoto ukigusa ardhi imara wakati wa kusimama, na wa kulia ukabaki kwenye breki ya nyuma, unatosha. Mimi mwenyewe si mrefu, na wanaonifahamu wanajua ninavyopunguza makali kwa kusema hivyo.

Baada ya hapo likaja zoezi ambalo ningetamani kila mwanafunzi alifanye hata kama jirani zake watamcheka. Injini inawaka, gia ya kwanza imeingia, mkono wa kulia haugusi mafuta, nawe unaiachia klachi polepole mno hadi unaposikia mlio wa injini unazama na pikipiki inataka kuondoka. Unaishikilia papo hapo, unaiminya tena, unarudia. Vidole vikishapajua mahali hapo bila macho kusaidia, umepata nusu ya mtihani. Nusu nyingine ni kugeuka taratibu: mafuta kidogo yasiyobadilikabadilika, klachi nusu, breki ya nyuma ikigusiwa kwa mbali, na macho yakiangalia unakokwenda, si koni ya mtihani unayoiogopa, kwa maana ukiitazama koni utaifuata. Breki ya mbele usiiguse wakati usukani umekatwa na mwendo ni mdogo, kwa sababu pikipiki italala chini kabla hujajua kilichotokea.

Lakini mtaani breki hiyo ya mbele imepakaziwa ubaya kupita kiasi. Utasikia kwamba inapindua, kwamba usiizoee, na nimeona pikipiki ambazo wenyewe wameilegeza makusudi. Unapofunga breki, uzito mwingi huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloifanya kazi kubwa ya kukusimamisha. La nyuma peke yake huburuzika kirahisi. Unaposimama ukiwa umenyooka, zitumie zote mbili, na ile ya mbele uiminye kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, usiinyakue. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria mjini, unapita karibu mita 14 kwa kila sekunde, na sekunde hiyo moja inaweza kwisha kabla vidole havijafika kwenye breki. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa breki peke yake huwa mara nne.

Nizungumze na akina mama wenzangu kuhusu mavazi, kwa sababu walimu wa kiume hulipita jambo hili haraka. Baibui na pikipiki vinaweza kuelewana, lakini pindo lisiachwe likining'inia karibu na mnyororo wala karibu na tindi za gurudumu la nyuma. Mimi huvaa suruali ndani, hulikusanya baibui mbele, huliketia, na mtandio huuingiza ndani ya jaketi kabla ya kufunga mkanda wa kofia ngumu. Kofia isiyofungwa mkanda ni pambo. Viatu viwe vya kufunika vidole. Kandambili haziwezi kukusaidia kuinua gia.

Kuhusu gia, kabla ya kupanda pikipiki usiyoijua, uliza zinavyoingia. Zipo ambazo zote hukanyagwa upande mmoja, na zipo ambazo ya kwanza hukanyagwa chini na zinazofuata huinuliwa juu. Mwenzetu mmoja aliijua hali hiyo siku ya mtihani wenyewe.

Maswali ya alama za barabarani niliyasoma kwa kuzunguka Ngamiani kwa miguu. Mitaa ile imepangwa kwa namba na kila hatua chache unakutana na njia panda, ambako baiskeli hutokea bila kengele na mtoto aliyetumwa sukari hutokea bila kutazama. Nilikuwa nikisimama kila kona na kujiuliza nani ana haki ya kupita kwanza, na ningeangalia wapi kama ningekuwa juu ya pikipiki. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia kwako ambaye amekwisha kuingia. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru, na ile ya pembe nane inataka usimame kabisa, si upunguze mwendo na kupiga honi. Ukijua sababu ya alama, hutaisahau mbele ya askari.

Siku ya mtihani tulikuwa kundi lenye vijana wengi waliokwisha kubeba abiria kwa miaka bila leseni, na walitutazama sisi wengine kwa huruma. Tuliambiwa tupite kati ya koni, tuzunguke kwa umbo la nane, na tusiteremshe mguu. Wa kwanza aliingia kwa kasi akaangusha koni mbili. Wa pili aliteremsha mguu kila alipopinda. Nilipofika zamu yangu niliiachia klachi mpaka pale pale nilipopazoea, nikaenda polepole kiasi kwamba askari aliinama kutazama kama nimesimama, nikamaliza. Sijivuni, ingawa nyumbani nililisimulia jambo hilo kuanzia chakula cha mchana mpaka cha usiku, na shemeji akaomba tubadilishe mazungumzo.

Sasa hayo yanayozungumzika. Kijana wangu, binti yangu, kadi ya leseni haishiki breki. Anayekuuzia njia ya mkato hatakuwepo mvua za masika zitakapoanza, wakati manyunyu ya mwanzo yanapochanganyika na mafuta na vumbi la barabarani na lami ikateleza. Fuata utaratibu: namba ya mlipakodi, leseni ya kujifunzia ambayo hudumu miezi mitatu, mafunzo, kupimwa macho na kujaribiwa na askari wa usalama barabarani, kisha Mamlaka ya Mapato, TRA, ndio watakaokupa leseni. Angalia pia daraja unaloomba. A1 ni kwa pikipiki ndogo zenye injini isiyofikia sentimita za ujazo 125, na inayozidi hapo inahitaji A. Mwenye Boxer 150 akiomba A1 kwa kutouliza, ataendelea kuvunja sheria akiwa na leseni mfukoni.

Ukishaipata, usiharakishe kubeba mtu. Abiria huongeza uzito nyuma, pikipiki huchelewa kusimama, na ile klachi uliyoizoea itakudai mafuta zaidi wakati wa kuondoka. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kulingana na maelezo ya mtengenezaji, mwambie abiria akae kwa kupanua miguu badala ya kukaa upande, aelemee unakoelemea wewe, na awe na kofia ngumu yake mwenyewe. Anayekataa, mwache apande daladala.