Hicho chuma cha vitumbua usikiloweke!

Mdogo wangu, weka hilo beseni chini. Umesema umenunua chuma cha vitumbua kilichotumika, vishimo vyake vyeusi, leo usiku unakiloweka na sabuni ya unga, kesho unakisugua kwa waya mpaka king'ae ndipo uanze biashara. Hayo meusi si uchafu! Ni mafuta yaliyoungua kidogo kidogo yakashikana na chuma, yakawa kama ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayofanya kitumbua kigeuke.

Mimi nilikuwa na chuma cha mama mkwe, vishimo saba, cheusi tii. Akatokea bingwa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, anatufundisha mapishi wakati kwake wanakula chipsi za kununua, akasema chuma kisichong'aa ni cha mwanamke mchafu. Maneno yakanichoma. Nikasugua kwa waya na mchanga mpaka kucha zikaisha. Kiking'aa nikakipiga picha, nikaweka stetasi. Halafu nikakilaza kwenye beseni la maji uani. Mbagala, mwezi wa nne, masika.

Alfajiri nakitoa, kimevaa kutu rangi ya chungwa. Nikasuuza, nikafuta, nikajipa moyo, maana nina oda ya vitumbua 300 vya hitima. Nikamimina rojo, pembeni pakakauka vizuri, nikaingiza kijiti nigeuze. Kofia ikaja, kiwiliwili kikabaki shimoni. Nikaongeza mafuta, vikaogelea na bado vikaganda. Vilivyotoka vilikuwa na madoa ya kutu na sura ya mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi. Rojo la kilo saba za mchele likachacha ndooni huku naliona. Nikarudisha elfu sitini ya watu, na kwa aibu nikawanunulia maandazi kwa hela yangu. Yule bingwa nilipomweleza akanitumia kikatuni cha kucheka.

Mama mkwe hakugomba. Alikitazama, akanitazama, akasema, "Hiki kilikuwa na miaka mingi kuliko ndoa yako." Nilifua mapazia yake yote wiki ile.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kupika, kikiwa vuguvugu, kifute kwa kitambaa. Pakiganda, sugua kwa chumvi ya mawe na mafuta. Usikimwagie maji ya baridi kikiwa cha moto, kinaweza kupasuka. Kikigusa maji, kirudishe juu ya mkaa uliobaki kikauke kabisa, paka mafuta kiduchu, funga kwa gazeti, weka ndani. Si barazani: upepo huu wa bahari una chumvi na unyevu. Kikishaota kutu kama changu, isugue yote, kikaushe, paka mafuta kiduchu, kifudikize juu ya mkaa mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu, nne. Mimi nilirudia mpaka majirani wakauliza kuna nini. Ila kama chako ni cha aluminiamu, loweka utakavyo, utakuwa umenipotezea bando.

Eti uliuliza na mchele? Huo ndio unaolowekwa usiku kucha! Saga na tui, iliki, sukari, hamira, acha uumuke.

Au ulishakiloweka? Kitoe sasa hivi, kiweke jikoni kikauke, halafu rudi useme kina rangi gani.