Bima, kiti mwendo na ngazi za baraza

Barua tulizopokea wiki hii kutoka Ujiji, Gungu, Mwanga na Kasulu zinauliza karibu jambo moja, nalo ni mahali ambapo bima ya afya inaishia na mfuko wa familia unapoanzia.

Mama yangu amepooza upande mmoja, naye ni mtegemezi katika kadi yangu ya NHIF. Je, atalipiwa kiti mwendo? (Ujiji)

Kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kina kundi la vifaa tiba saidizi, lakini usianzie dukani ukitarajia kurudishiwa fedha, kwa kuwa kwa kawaida Mfuko hukilipa kituo kilichosajiliwa kilichotoa huduma. Mpeleke mama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, Kigoma, aonwe na daktari pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia, waandike anahitaji kifaa gani na kwa sababu gani. Kisha uiombe ofisi ya Mfuko ikujibu kwa maandishi kama kifaa hicho kimo katika kitita cha kadi yako. Maandishi hayo yasiishie kwenye maneno "kiti mwendo". Yataje upana wa nyonga, urefu wa paja, mto wa kukalia na aina ya magurudumu ya mbele. Nimewahi kuona kiti kizuri cha msaada, chenye magurudumu ya mbele madogo kama kifuniko cha chupa ya chai, kikizama mchangani hatua tatu kutoka barazani, na mwenyewe akabebwa mgongoni kama zamani. Kiti kipana kuliko mwili humfanya mgonjwa aegemee upande mmoja, na kukaa hivyo kutwa bila mto unaofaa huleta vidonda vya mgandamizo, ambavyo kuvitibu ni kazi ndefu kuliko kutafuta mto.

Baraza letu lina ngazi tatu. Je, bima italipia lifti ya kumpandisha baba? (Gungu)

Hapana. Hayo ni marekebisho ya jengo, si matibabu. Kwa bahati nzuri, ngazi tatu hazihitaji lifti, ambayo hata hivyo ingesimama kila umeme unapokatika. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo fundi mwashi atahitaji mita 5.4. Ua likiwa fupi, mteremko na ukunjwe, uwekewe sehemu bapa ya kupumzikia kwenye kona. Mwambie asiusakafie ukawa laini, maana mvua za masika zitaugeuza utelezi.

Kaka yangu ana miaka 70, anaishi Marekani na ana Medicare. Amelipiwa kiti mwendo cha umeme, lakini lifti ya kukipakia garini imekataliwa. Kwa nini? (Kasulu)

Medicare ni bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee, na Sehemu B yake hulipia vifaa tiba vya kudumu ambavyo daktari amethibitisha kuwa vinahitajika nyumbani, kwa kawaida asilimia 80 ya bei iliyokubaliwa, baada ya mgonjwa kulipa kiwango chake cha kwanza cha mwaka. Lifti ya gari na lifti ya ngazi hazihesabiwi kuwa vifaa tiba. Mpaka huo una vituko vyake: kwa kiti cha sebuleni kinachomwinua mgonjwa, hulipiwa mtambo wa kuinua tu, na kiti chenyewe hujinunulia. Kaka yako aulize Medicaid ya jimbo lake, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kuwa baadhi ya majimbo yana mipango inayogharimia marekebisho ya nyumba, mradi kipato chake kiwe ndani ya masharti.

Tairi la kiti likipasuka, niende na kadi ya bima? (Mwanga)

Nenda kwa fundi baiskeli. Magurudumu ya nyuma ya viti vingi ni ya inchi 24, na mpira wake huzibwa kama wa baiskeli yoyote. Muombe akague na beringi kabla hujaondoka.