Mihuri ya Bunduki Haisemi Marisau Yanatua Wapi

SWALI: Ninamiliki kwa leseni bunduki ya marisau ya zamani, yenye mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu na mihuri ya Birmingham. Katika mazoezi ya kulenga visahani vya kurushwa, mtutu wa kulia hupata na wa kushoto hukosa. Je, kuna kiwango rasmi cha ulinganifu wa mitutu? Msomaji, Njoro, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, mihuri hiyo isikupe uhakika ambao haikukusudiwa kuutoa. Nyumba ya majaribio ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1813, hufyatua katriji yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida ili kuthibitisha kwamba mtutu hautapasuka, lakini haipimi marisau yanakotua. Ulinganifu, yaani mitutu yote miwili kupiga mahali pamoja, huachiwa mtengenezaji, na kila mmoja hujiwekea kiasi cha kosa anachokivumilia.

Kwanza ufahamu kwamba mitutu hiyo haiendi sambamba. Unapofyatua wa kulia, teke huisukuma bunduki kuelekea kulia hata kabla marisau hayajatoka mdomoni, na wa kushoto hufanya kinyume chake. Ndiyo sababu fundi huisogeza midomo ikaribiane, kwa kipimo kinachofaa katriji zenye uzito fulani wa marisau. Ukitumia katriji nyepesi au nzito kuliko hizo, mitutu iliyo sawa kabisa inaweza kuonekana mibovu.

Pima katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Simamisha karatasi pana umbali wa mita 36.5, nayo mikono yako iegemee mfuko wa mchanga, kamwe si mitutu yenyewe, kwani ikiegemezwa teke hubadilika. Fyatua mara kadhaa kwa kila mtutu, kila mtutu na karatasi zake, ukianza na wa kushoto, kwa maana huo kwa kawaida ndio wa pili na huenda unauharakisha tu. Chora duara la sentimita 76 pale marisau yalipojazana, kisha ulinganishe vitovu. Vikiachana kwa sentimita 10, maduara hayo bado yanashirikiana zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake, na kwa visahani mimi ningeridhika. Vikiachana kwa 30, ushirika hushuka hadi karibu nusu, na hapo una haki ya kulalamika.

Ikifika hapo, hakikisha bunduki haina katriji, ndipo uitazame midomo kwa makini. Ukiona pengo kati yake lililozibwa kwa lehemu, yamkini mitutu ilikatwa ikafupishwa, na mbano wa mdomoni unaoyakusanya marisau (choke) ukapotea pamoja na kipande hicho. Kisha itoe mitutu kwenye kitako, ining'inize kwa kidole na kuigonga kwa kifundo: ikilia wazi kama kengele, lehemu ya ufito unaoiunganisha ni nzima, ikikoroma, imeachia.

Usikubali mtu yeyote aipinde mitutu hiyo. Kulehemu upya ni kazi ghali ya fundi mwenye leseni, kwa hiyo kabla ya kumwendea, rudia kipimo kwa katriji zenye marisau ya gramu 28, kisha za gramu 32.