"Mama, nimekosa nini?"

Mama mmoja wa Kanda ya Ziwa ameniandikia kurasa nne. Nazifupisha, na nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha. Ana mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo. Mwaka huu wamelazwa mara tano.

"Shangazi, nimeokoka tangu nikiwa kidato cha pili. Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka ya kuvunja laana ya ukoo. Kwenye kikundi cha maombi wananiuliza ni mlango gani nimemfungulia adui. Mawifi wanasema damu mbaya imetoka kwetu. Mtumishi mmoja ameniambia niache zile dawa ili imani yangu ionekane. Mwingine ananiambia nishukuru tu, Mungu ana kusudi. Juzi usiku miguu ikimuuma, mtoto akaniuliza, 'Mama, nimekosa nini?' Nikakosa jibu. Shangazi, Mungu ana kusudi gani na maumivu ya mtoto? Na nikiuliza hivi, nakufuru?"

Mwanangu,

Pole sana. Ningekuwa jirani yako ningekuja kwanza na chupa ya uji, maneno yangefuata baadaye.

Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hukufuru. Daudi aliuliza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na watu wa Mungu hawakumfukuza kwa swali hilo, wakaliimba katika ibada. Isome Zaburi ya 88 ukipata nafasi. Inaanza kwa kilio na inakwisha gizani. Hakuna ushindi mwishoni, wala hakuna haleluya iliyobandikwa ili wasikilizaji wasiondoke na huzuni. Na Bwana wetu msalabani alisema, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ona anavyomwita, hata saa ile: Mungu *wangu*. Wewe nawe bado unamuuliza yeye. Hujaenda kumuuliza mganga. Hiyo ni sala, mwanangu, hata kama unaisali umekunja ngumi.

Sasa hilo la mlango. Wanafunzi wa Yesu walikuwa na swali hilohilo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Yesu akawajibu kwamba si yeye, wala si wazazi wake. Akatema mate chini, akafanya tope, akaanza kazi. Ukiendelea kusoma ile sura ya 9 ya Yohana utawakuta wazazi wa yule kijana nao wameitwa kuhojiwa, wanajibu kwa woga. Kila nikifika hapo nawahurumia. Na sasa nikifika hapo nitakukumbuka wewe, umekaa katikati ya kikundi cha maombi, unatafuta dhambi ya kuwapa ili wakuache.

Usiitafute. Chanzo cha ugonjwa wa mwanao kinajulikana. Mtoto hupata selimundu akirithi vinasaba vyake kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo mawifi wanaosema damu imetoka kwenu wamesema nusu. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba hicho, wao wenyewe wanaweza kuishi bila kuumwa kitu, lakini kila mimba inayotungwa ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Kimeenea sana huko kwenu kwa sababu ya malaria: anayebeba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na hivyo wabebaji wengi waliishi wakazaa. Babu zako, na babu za mume wako, huenda walinusurika utotoni kwa sababu ya kitu hichohicho kinachomliza mwanao leo. Sikuambii kwamba hilo ndilo kusudi la Mungu. Nakuambia ujue kwamba unaposhikwa mkono na kuulizwa kuhusu laana ya ukoo, ukoo wako haukuwa na laana. Ulikuwa unaishi kwenye mbu.

Na huyo aliyekuambia uache dawa, hapo sitazungusha maneno. Usimsikilize. Mpe mtoto vidonge vyake vya foliki kila siku, na kama daktari amemwanzishia haidroksiyurea, usiruke siku hata moja, maana ndiyo inayopunguza yale maumivu ya ghafla. Maji ya kunywa yasimpungukie. Alale ndani ya chandarua, na msimu wa baridi afunikwe vizuri. Akipata homa, usisubiri mkesha wa Ijumaa uishe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Anayemwomba Mungu amponye mtoto huku akimnyang'anya dawa anamjaribu Mungu kwa mwili wa mtoto wa mwenzake. Pesa za sadaka ya kuvunja laana, mwanangu, weka nauli ya kliniki.

Nije kwenye kusudi. Na mimi nimeambiwa neno hilo. Mume wangu alipatwa na kiharusi, nikamuuguza miaka minne mpaka Bwana alipomchukua. Mwaka wa pili, mzee mmoja wa kanisa alikuja jioni, akakaa, akanywa chai, akaniambia Mungu ananifundisha uvumilivu. Nilimsindikiza hadi getini, nikarudi jikoni, nikafunga mlango, nikaulilia unga wa chapati niliokuwa naukanda. Niliwaza: basi mume wangu amekuwa ubao, Mungu anaandika juu yake ili mimi nisome?

Miaka hiyohiyo alikuwepo mama mmoja muuza dagaa. Kila Alhamisi akishamaliza biashara alikuja kwangu, mikono bado inanukia samaki, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la mashuka. Shuka za mgonjwa asiyeweza kuamka unazijua. Alizifua, akazikamua, akazianika, akanyoosha mgongo akashika kiuno, akaaga. Hakuwahi kuniambia Mungu anataka nini. Lakini nikikumbuka ni lini niliamini tena kwamba Mungu ananiona, nakumbuka zile shuka zikipepea kwenye kamba.

Marafiki wa Ayubu nao walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao, wala si Ayubu aliyelalamika kwa sura nyingi. Na Ayubu mwenyewe hakuambiwa kamwe kwa nini. Alimwona Mungu, sababu hakupewa. Hilo lilinisumbua sana nilipokuwa kijana. Siku hizi linanipumzisha, kwa sababu naona kwamba mtu anaweza kuishi mbele za Mungu bila kuwa na jibu hilo.

Je, Mungu alimpiga mume wangu ili mimi nipate cha kuwaandikia ninyi? Yeyote atakayesema hivyo hakumjua mume wangu. Kilichotupata kilikuwa kibaya, na leo bado nakiita kibaya. Paulo hakusema mambo yote ni mema. Alisema katika mambo yote Mungu hufanya kazi. Nimeiona kazi hiyo polepole, baada ya miaka. Nilijikuta naweza kukaa na mtu anayeuguza bila kuharakisha maneno. Paulo anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki, na mimi naamini hivyo kwa moyo wote, kwa sababu faraja niliyo nayo naijua ilikotoka. Inanukia dagaa.

Ila kuna jambo kuhusu huyo Paulo. Alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba, haukuondolewa, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Aliambiwa na Bwana, yeye mwenyewe, kuhusu mwiba wake mwenyewe. Hakuletewa na jirani. Kwa hiyo wanaokuja na kusudi mkononi wamekubebea, waambie asante, na usijilazimishe kulipokea. Kama lipo la kwako litakujia kwa wakati wake, na pengine utaligundua umeshaanza kulifanya: umekaa kwenye benchi la kliniki, unamshikia mtoto mama mwingine aliyepewa majibu asubuhi hiyohiyo. Na likichelewa, hujapungukiwa imani. Kwa sasa kazi yako ni kumlea huyo mtoto, na kulala unapoweza. Mtafute mtu mmoja, mmoja tu, wa kukusaidia kufua.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mtoto wa miaka 9 hakutunga swali lile mwenyewe. Amelisikia. Amesikiliza maombi yenu akiwa amelala mnadhani hasikii, akatafuta mlango, akamaliza milango yote, akabaki yeye. Usimpe somo la kusudi. Usimwambie Mungu anamjaribu, maana atamwogopa Mungu huyo maisha yake yote. Mweleze ugonjwa wake kwa maneno anayoyaweza: kwamba seli zake za damu zinajikunja kama mundu wa kukatia majani, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Mwambie Yesu naye aliwahi kulia machozi mbele ya watu. Na lile swali usingoje aliulize mara ya pili. Usiku wa leo akiamka, kabla hujawasha taa, mwambie, "Hujakosa kitu, mwanangu. Hujakosa kitu kabisa." Halafu mpe maji anywe, umkande miguu.